Mas'ala ya Mbiu za Biashara Njiani, Skulini na Vyuoni

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tumeulizwa na ndugu zetu wa kamati ya chuo kimoja hapa Moshi juu ya mas'ala ambayo katika vitabu vyetu vya fiqhi haina mlango wake peke yake. Nayo ni hii. Iliwajia kampuni ya biashara, ikawaambia: tutakipaka rangi chuo chenu chote, ndani na nje, tutakupeni mabati 40 ya kuezekea upande unaovuja, na daftari kwa kila mtoto, wala hatutaki kwenu senti moja. Tutakalo ni kuwa rangi ya ukuta iwe rangi yetu, na alama yetu iandikwe upande wa njia, na iandikwe tena juu ya jalada la kila daftari. Je, yafaa kukubali? Wakauliza pia juu ya mabango yaliyojaa njiani na magari yapitayo na maspika, na juu ya watoto wajao chuoni wamevaa jezi zenye jina la kampuni ya kamari.

Kabla ya kujibu, yanipasa kukiri jambo. Wa kwanza kuulizwa nalikuwa mimi, nao waliniuliza kwa mdomo baada ya Laasiri, hali tumesimama barazani na viatu mkononi. Nikasema, "Pokeeni, hiyo ni riziki." Masika iliyotangulia nalisomesha na ndoo tatu chini zikikinga maji, na watoto wakisongamana upande mmoja kama kuku, na misahafu tumeifunika kwa karatasi ya nailoni. Basi nalijibu kwa jicho la mabati, sikujibu kwa jicho la ilimu. Usiku ule nikafungua vitabu nikaona nimeteleza. Siku ya pili nikarejea kwao nikawaambia kuwa jawabu yangu nimeiondoa, na wanipe siku kumi. Haya myasomayo ndiyo yaliyopatikana katika siku hizo, na ziada kidogo.

Nanyi ndugu zetu mlioko Tanga, Pangani, Mombasa na Unguja, msidhani kuwa hii ni khabari ya Moshi tu. Reli ya Tanga ilifika hapa mwaka 1911, na tangu siku hizo kila kilichofika bandarini kilipanda mlimani. Na katika jambo hili mlima na pwani ni hali moja.

Jua ewe msomaji ya kuwa kutangaza bidhaa kwa asili yake si dhambi. Biashara ni kazi ya Mitume na ya watu wema, na mwenye kitu kizuri kusema kuwa ninacho, na bei yake ni kadha, na sifa zake ni kadha, hana lawama. Wazee wetu husema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli, lakini si hukumu ya sheria. Muuza samaki apitaye mitaani akipiga kelele alfajiri huenda samaki wake ni wazuri kuliko wa dukani. Sheria haikumkataza mtu kutembeza. Imemkataza kusema uwongo, na kuficha aibu ya kitu, na kuapa ili kiuzike. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliingiza mkono katika chungu la nafaka sokoni, vidole vyake vikapata majimaji ndani, akamuuliza mwenyewe kwa nini ule uliorowa hakuuweka juu watu wakauona, kisha akasema kuwa mwenye kughushi si katika yeye. Basi jiulize, mabango mangapi yanaonyesha upande uliorowa?

Na watu wa pwani walikuwa na mbiu. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, ndivyo tusemavyo hata leo. Mtu akisikia pembe huacha jembe, kwa kuwa ajua kuna adui, au maiti, au amri ya mji. Mbiu ilikuwa ni haki ya mji mzima, haikupigwa na mtu kwa faida yake. Tulilonalo sasa ni mbiu ipigwayo mchana kutwa na jambo halipo, na ajabu ni kwamba masikio yakizoea, siku jambo litakapokuwapo hatutainua vichwa.

Kisa kilicho karibu mno na mas'ala yetu kimo katika Kurani yenyewe, mwisho wa Sura ya Ijumaa, aya ya 11. Siku ya Ijumaa Mtume (S.A.W.) alikuwa amesimama akihutubu Madina, na mji una njaa na bei zimepanda. Ukaingia msafara wa biashara kutoka Sham, na wafasiri wanasema uliingia kwa ngoma, kwa kuwa ndiyo ilikuwa desturi ya kuujulisha mji kuwa bidhaa zimefika. Watu wakatoka msikitini wakaukimbilia, wakamwacha amesimama. Amepokea Jabir, nayo imo katika Bukhari na Muslim, kwamba hawakubaki illa watu kumi na wawili. (Wako wanaoishika hadithi hii kuwa ni hoja juu ya madhehebu yetu katika hisabu ya watu arubaini wa Ijumaa. Jawabu yake ni ndefu, na hapa si mahali pake.)

Zingatia ni nani waliotoka. Hawakuwa wanafiki wala wapuuzi. Walikuwa ni masahaba, wamekaa mbele ya mbora wa wahutubu, na sauti yake imo masikioni mwao. Ngoma moja iliwatoa. Nasi twadhani mtoto wa miaka tisa atapita baina ya mabango hamsini asubuhi na asubuhi, kisha afike chuoni moyo wake ni mtupu wasubiri kuandikwa! Aya nayo haikusema kuwa biashara ile ni haramu. Imesema kuwa kilichoko kwa Mwenyezi Mungu ni bora kuliko pumbao na kuliko biashara, na imevitaja viwili hivyo pamoja, kwa kuwa siku ile ngoma na bidhaa viliingia mji pamoja.

Sasa twaanza na njia. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra, yaani 1277, ameeleza katika Minhaj, katika mlango wa sulhu, hukumu ya njia ipitwayo na watu wote. Kwa ufupi ni kwamba haifai kutumia njia hiyo kwa namna itakayowadhuru wapitao. Mtu hatoi roshani wala dari juu yake illa iwe juu kadiri ya kumwezesha mpita njia kupita amesimama wima. Na ikiwa ni njia ya misafara, iwe juu kadiri ya kupita ngamia na machela yake na miti ya kivuli chake. Kisha akasema kuwa ni haramu kujenga dakka njiani au kupanda mti, ijapokuwa wako waliosema kuwa yafaa pasipo madhara. Na kabla yake Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 505, yaani 1111, alipohisabu katika Ihya mambo maovu ya njiani yapasayo kukatazwa, alizitaja nguzo, na dakka, na roshani, na mizigo iwekwayo mahali ikawadhiki watu.

Tazama wanavyuoni hawa walivyopima mpaka urefu wa ngamia na machela. Kwa nini? Kwa sababu njia haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe ndicho kimilikiwacho upesi na mwenye nguvu. Bango lenye miguu ya chuma lililosimikwa kando ya barabara, likamfunika dereva asimwone mtoto avukaye, hilo halina haja ya kiasi cha mjtahidi. Limo katika maneno ya Nawawi waziwazi. Na bango lisiloziba njia wala lisilomgusa mtu? Hapa wanafunzi wangu walikhitalifiana. Mmoja alisema dhara ya jicho si dhara, kwani mtu aweza kuinamisha macho. Nami nikamwambia, kuinamisha macho tumeamrishwa kwa yaliyo haramu, nayo ni katika haki za njia alizozitaja Mtume (S.A.W.) alipowakataza watu kukaa njiani illa waipe njia haki yake: kuinamisha macho, kuzuia maudhi, kurudisha salamu, kuamrisha mema na kukataza maovu. Basi ikiwa kuzuia maudhi ni haki ya njia juu ya maskini aliyekaa kwenye jiwe kuzungumza na mwenziwe, itakuwaje juu ya tajiri aliyeweka picha ya mwanamke nusu uchi, urefu wa nyumba, mahali ambapo hapana budi watu wapite? Mwenye kukaa aweza kuondoka. Picha haiondoki mpaka mkataba uishe.

Na faida moja katika Minhaj nilikuwa naipita kila mwaka nikisomesha, wala sikuijua thamani yake. Nawawi asema kuwa ni haramu kufanya sulhu kwa mali ili mtu aruhusiwe kutoa roshani juu ya njia. Washarehe wakaeleza sababu: hewa haiuzwi peke yake. Sasa hewa ya mji ina bei, na bei yake ni kubwa, hata mwaka 2017 serikali ikahamisha ukusanyaji wa ada za mabango kutoka halmashauri ikaupeleka kwa Mamlaka ya Mapato. Sisemi kuwa mwenye kutawala hana haki ya kuweka ada. Mwenye mamlaka ana nafasi yake katika kuangalia maslaha ya umma, na ada yaweza kuwa ni ya kuzuia, si ya kuuza. Nasema tu kwamba mwenye kukusanya ada ya bango hana haraka ya kuling'oa.

Wala usidhani kuwa kuyang'oa ni jambo lisilowezekana. Mji wa São Paulo huko Brazil, nao ni katika miji mikubwa ya dunia, uliweka sheria mwaka 2006 na ikaanza kutumika mwanzo wa 2007, ikayaondoa mabango ya njiani yapata 15,000. Jimbo la Vermont katika Marekani liliyakataza tangu mwaka 1968, kwa ajili ya kutunza sura ya milima yake. Milima ya Vermont haifiki hata robo ya mlima wetu kwa urefu, nao si Waislamu, wala hawakusoma Minhaj.

Na huu mlima wetu nao una khabari yake. Una mita 5,895, na watu hutoka nchi za mbali kuja kuutazama. Jina lake limewekwa juu ya chupa ya bia. Mbio kubwa zikimbiwazo hapa Moshi tangu mwaka 2003 zilibeba jina la bia hiyo miaka mingi, na mji mzima ukavikwa rangi zake. Na si mlima peke yake. Hisabu bia za nchi hii: Kilimanjaro, Serengeti, Safari, Ndovu. Kila kitu kizuri alichotupa Mwenyezi Mungu, mlima na mbuga na mnyama, na hata neno letu la kwenda na kurudi, kimegeuzwa kuwa kibandiko cha ulevi. Maji ya chupa nayo yana jina la Kilimanjaro, nayo ni halali. Basi mtoto akilisikia jina hili hajui aambiwa mlima, au maji, au pombe, na huko kutojua ndiko kumfaako muuzaji wa pombe.

Asubuhi moja ya kiangazi, mlima ukiwa wazi mpaka theluji yake yaonekana, naliwauliza watoto kumi na mmoja watokao Pasua: mmeona nini njiani? Wakataja soda mbili, kampuni tatu za simu kwa rangi zake, dawa ya meno, na jumba la kubeti. Mmoja alitaja mbwa aliyegongwa. Mlima hakuutaja mtu. Simlaumu mtoto, maana mtu hataji kila siku kilicho mlangoni pake. Lakini zile soda zipo mlangoni pake vilevile, nazo alizitaja.

Ama kitangazwacho kikiwa ni haramu, mas'ala haina khitilafu. Pombe na kamari zimetajwa pamoja katika Sura ya Al-Maidah, aya ya 90, zikaambiwa ni uchafu katika kazi ya shetani. Na katika hadithi waliyoipokea Tirmidhi na Ibn Majah, watu kumi wamelaaniwa kwa ajili ya pombe, naye mnywaji ni mmoja tu katika kumi. Wako mkamuaji na mkamuliwaji, mbebaji na mbebewaji, muuzaji na mnunuzi, na mla thamani yake. Wanavyuoni wakafahamu kuwa kila aliyeshika ncha ya jambo lile anayo sehemu. Basi Muislamu mwenye nyumba njiani akakodisha ukuta wake kwa tangazo la bia au la kamari, ijara yake ni batili, kwa kuwa sharti ya ijara ni manufaa yawe halali, na kodi aliyoipokea si yake.

Kamari ndiyo iliyo khatari zaidi kwa vijana, kwa kuwa imeingia kwa mlango wa mpira. Mwezi wa Mei 2017 timu zetu mbili kubwa, Simba na Yanga, zote zilipata mfadhili mmoja, kampuni ya kubeti ya SportPesa. Mwaka 2022 Simba ikahamia kwa kampuni nyingine ya kubeti, M-Bet. Sheria ya nchi yamkataza aliye chini ya miaka 18 kucheza kamari, lakini haikumkataza kuvaa jezi. Na mtoto wa miaka saba akiivaa, yeye ndiye bango, tena bango lisilolipiwa ada, maana baba yake ndiye aliyelinunua. Hapo zamani mtu akisema mkeka, ulikuwa ni mkeka, wa kukaa chuoni, wa kulala mgonjwa, wa kuswalia. Muulize kijana leo kuwa mkeka wako u wapi; atakutolea simu akuonyeshe timu kumi alizozibashiria. Nalimsikia mmoja akimwambia mwenziwe ukumbini mwa msikiti, "Mkeka wangu umechanika," nikamhurumia, nikadhani hana cha kulalia. Jirani zetu wa Kenya waliona ukubwa wa balaa hili hata mwezi wa Aprili 2025 bodi yao ya kamari ikasimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Siku 30 ni chache, lakini ni ushahidi.

Ukiuliza: mtoto akiswali katika jezi hiyo, swala yake ni sahihi? Twajibu: ni sahihi, madhali nguo ni tohara na tupu imesitirika, lakini ni makruhu. Dalili ni hadithi ya Bibi Aisha katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) aliswali katika shuka yenye alama, akazitazama mara moja, alipomaliza akaamrisha irudishwe kwa Abu Jahm aliyemzawadia, aletewe nguo yake nyingine isiyo na nakshi, kwa sababu ile ilimshughulisha. Na walio nyuma ya mtoto ndio washughulikao zaidi, kwa kuwa jina huwa limeandikwa mgongoni pia. Lakini msifanye kama alivyofanya mwalimu mmoja ninayemjua, aliyemrudisha mtoto nyumbani mbele ya wenzake kwa ajili ya jezi. Mtoto yule hakurudi chuoni tena. Jezi anayo, na juzuu ya Amma hana. Sisi tumeweka kanzu kuukuu kadhaa kwenye msumari mlangoni. Ajaye na jezi huvaa kanzu juu yake, wala haulizwi neno.

Twarudi kwenye chuo na ukuta wake. Wako wanaosema: kampuni hii haiuzi pombe wala kamari, bidhaa yake ni halali, na ukuta ni mali ya wakfu, na nadhiri wa wakfu ana ruhusa ya kukodisha kwa ujira wa mfano ikiwa ni maslaha ya wakfu. Maneno haya ni ya fiqhi wala si ya kupuuzwa, nami ndiyo niliyoyashika siku ile ya kwanza bila ya kuyapima. Kosa lake ni moja: wamedhani kuwa kinachokodishwa ni ukuta. Chuo chetu kina kuta nne. Ukuta wa nyuma waelekea kwenye migomba, nao ni mrefu kuliko wa mbele. Niliwaambia kamati: waulizeni watu wa kampuni, kama wautaka ule wa nyuma, kwa mabati 20 badala ya 40. Wakauliza, wakacheka. Basi wanunuacho ni macho ya watoto, na heshima ya jina la chuo machoni mwa wapitao. Na je, macho ya watoto ni mali ya wakfu? Ni mali ya mwalimu? Mzazi alipomshika mwanawe mkono akamleta kwako, alikukabidhi amana, na mwenye kuwekewa amana hana idhini ya kuikodisha, hata kwa bei njema, hata kama atazitia fedha zote katika paa litakalomfunika huyo huyo mtoto.

Na hapa madhehebu yetu ya Shafi'i yana nguvu kuliko mengine. Kwetu sisi biashara ya mtoto asiyebaleghe haisihi, hata walii wake akimpa idhini; haikubaliki kauli yake ya kuuza wala ya kununua. Hekima yake ni kwamba akili yake haijakomaa kupima faida na khasara. Kama hivyo ndivyo, basi mwenye kuielekeza mbiu yake kwa mtoto amemruka walii makusudi, akaenda kunong'ona na yule ambaye sheria imesema hana neno. Halafu mtoto huja nyumbani akamlilia mama yake, na mama akamlilia baba, na baba akatoa pesa akidhani ni yeye aliyeamua.

Wazungu nao wamelijua jambo hili baada ya kuumia. Katika Marekani, tangu mwaka 1990, kampuni ya Channel One ilizipa skuli televisheni na mitambo bila malipo, kwa sharti kwamba watoto wakiwa darasani watazame kila siku khabari za dakika kumi na mbili, na ndani yake dakika mbili za matangazo ya biashara. Zawadi ilionekana kubwa na dakika mbili zikaonekana chache. Ilidumu mpaka mwaka 2018. Fanya hisabu ya mtoto aliyesoma miaka sita, siku zaidi ya mia kila mwaka, uone ni saa ngapi za masomo zilizouzwa. Na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010 lilizinasihi serikali zote kwamba mahali wakusanyikapo watoto, kama skuli na viwanja vya michezo, pasiwe na matangazo yoyote ya vyakula na vinywaji vyenye mafuta mabaya na sukari nyingi na chumvi nyingi. Ukipanda barabara za kwenda mlimani ukatazama vibao vya skuli, utaona vingine alama ya soda ni kubwa juu, na jina la skuli ni dogo chini yake, kama kwamba soda ndiyo inayosomesha. Waalimu wakuu siwalaumu sana. Kibao ni gharama, na aliyekuja na kibao ni yule mmoja tu; sisi wengine hatukuja na kitu.

Amenijia pia mwenye duka wa Majengo, akaniuliza juu ya kampuni ya simu iliyotaka kulipaka duka lake rangi yake yote. Huyu nilimjibu kuwa hapana ubaya. Duka ni mali yake, waingiao ni watu wazima wajao kununua, na vocha ya simu ni halali. Ila nilimshurutisha mambo mawili. La kwanza, yasiandikwe matangazo ya mikopo ya simu ya kulipwa kwa ziada, maana hiyo ni riba hata ikiitwa kwa jina la upole. La pili, aulize kodi. Watu wetu huwapa makampuni ukuta mzima kwa debe moja la rangi na kumshukuru aliyewapa, hali angeweza kupata kodi ya miezi. Akaenda akauliza, akapewa kitu.

Ama magari yapitayo na maspika, hukumu yake ni nzito kuliko ya mabango, kwa kuwa jicho lina kope na sikio halina. Mgonjwa, na mzazi mwenye mtoto mchanga, na mwanafunzi wa mtihani, wote huingiliwa ndani ya nyumba zao pasipo hodi. Katika Sura ya Luqman, aya ya 19, mzee alimuusia mwanawe ateremshe sauti yake, akamkumbusha ni sauti gani iliyo mbaya kuliko zote. Punda wa Lamu ana udhuru, hakulipwa.

Kamati walikutana mara tatu. Mkutano wa pili ulikuwa na maneno makali, na mzee mmoja aliniambia kuwa ni wepesi kwangu kusoma Minhaj, kwani si mimi ninayelala na hisabu za mabati. Alisema kweli. Mwisho walikubaliana kuiambia kampuni hivi: zawadi yenu twaipokea na tutakuombeeni dua, na tutaitaja siku ya maulidi, lakini ukuta utabaki mweupe na daftari zitakuwa wazi. Kampuni haikurudi. Yule mzee ndiye aliyekuwa wa kwanza kutoa, alitoa mabati matatu; wengine wakatoa moja moja, na akina mama wa Njoro wakachanga sita. Hata leo tumepata 23. Upande wa kibla umeezekwa, na ule mwingine bado una ndoo moja.

Baadhi ya wasomaji watatuambia: nanyi je, maspika ya misikiti yenu, na karatasi za maulidi na mihadhara mnazozibandika kwenye kila mti na kila nguzo ya umeme? Swali hili ni la haki, na jawabu yake si nyepesi kwetu. Tutalieleza katika risala ijayo, Mwenyezi Mungu akipenda, baada ya kusoma tena walichokisema wanavyuoni juu ya mwenye kusoma Kurani kwa sauti hali jirani yake amelala.

Wallahu a'lam.